Siku Papa Siafiki Alipoafiki

Kambale, mwanangu,

Salamu za barua naziruka. Tumeamkiana asubuhi hapo jikoni, ukaniambia "Jambo, Papa" huku ukiangalia ndoo, nami nikakujibu kwa sauti kubwa mno kama kawaida yangu. Sasa umeshuka ufukweni Kituku kuwaaga wenzako, mama yako anakaanga vidagaa vya sambaza vya safari, na mimi nimejifungia chumbani na kalamu ya dada yako Masika. Mambo ya sweta, sabuni na karatasi za mpakani mama yako ameyasema mpaka umeyakariri. Sina la kuongeza. Kesho unavuka kwenda Kigali, kushona nguo katika karakana ya watu, na umeomba usindikizwe na mama yako peke yake. Nimesikia, wala sitabishana. Naandika kwa sababu nikikuona uso kwa uso maneno yananikimbia, na wewe unajua kwamba mimi maneno huwa hayanikimbii.

Mtu aliyeuza viatu vya mitumba sokoni Birere tangu ujana wake hawezi kuwa bubu. Nimewahi kumuuzia mtu viatu vyote vya kushoto, naye akaondoka ananishukuru. Mama yako husema nikifa watalazimika kuuzika mdomo wangu kwenye kaburi la peke yake. Tumelicheka sana hilo, sote wa nyumba hii. Siku hizi nikilikumbuka silicheki.

Nataka nianze mbali kidogo, univumilie. Unakumbuka tulivyoingia katika kanisa la Marafiki? Ulikuwa mdogo. Baba yako mdogo alikuwa amefariki, kitinda mimba wetu, na nyumba ilijaa watu wenye kila aina ya neno. Mmoja alisema ni mapenzi ya Mungu, mwingine alisema amelogwa, wa tatu aliuliza bia iko wapi. Mimi mtoto wa Butembo, niliyebatizwa Katoliki na kukulia karibu na kengele ya parokia, nilichoka na maneno kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ndipo wakaja majirani tuliokuwa tukiwaita "bale ba Marafiki". Wakakaa juu ya mbao zilizokuwa uani, wakanyamaza. Hawakuniuliza kitu. Nililia mbele yao mpaka kamasi zikanitoka, na nilipomaliza walikuwa bado wapo. Jioni nikamwambia mama yako kwamba hawa ndio watu wangu. Akacheka katikati ya msiba: "Weye? Kwa batu ba kunyamaza? Batakufukuza!"

Hawakunifukuza. Walinivumilia, wakanipenda, wakanipa na benchi langu karibu na dirisha. Nakukumbusha hayo ili ujue kwamba kimya chao kiliwahi kuniokoa. Sikuingia pale kwa bahati mbaya, na hata leo siwezi kusema kwamba ni watu wabaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama wangekuwa wabaya.

Kanisa letu lina ngoma na kwaya kama makanisa mengine ya mji huu, lakini kikao cha mwezi hakijawahi kupiga kura. Unajua utaratibu kuliko mimi, ila acha niuandike, maana kosa langu limo humo ndani. Karani anaandika azimio, analisoma, kisha anauliza kama yuko Rafiki ambaye moyo wake hauafiki. Tunangoja kimya. Mmoja akisema "siafiki", hata kama ni mmoja tu kati ya watu wote, azimio linasimama na tunaendelea kulitafakari hadi kikao kingine. Wote wakinyamaza, karani anaandika: Marafiki wameafiki. Kwetu kunyamaza ni kusema ndiyo. Kila mtoto wa kanisa anajua.

Mimi nilipogundua kwamba mtu mmoja anaweza kuzuia kanisa zima, nilifurahi kama mtu aliyepewa pikipiki. Walitaka kuupaka mlango rangi ya waridi. Nikasema siafiki, utafanana na mlango wa baa. Wakangoja mwezi mzima, wakaja na waridi iliyopauka. Siafiki. Mlango ule ni mbao tupu hadi leo, na mvua inaula. Sare za kwaya, siafiki. Saa ya ibada kusogezwa, siafiki, maana ningechelewa sokoni. Vijana wakanibandika jina Papa Siafiki, na wewe ndiye ulianza, usijifanye malaika. Nilikuwa nakemea, lakini moyoni nililipenda jina lile. Niliona kwamba watu wamekubali kuwa mimi ni mtu wa msimamo.

Halafu ukakua, ukapewa kuongoza Vijana Marafiki. Watu wa Kibumba walipokimbia vita na kushuka mjini na magodoro vichwani, nyinyi mlibeba maji pamoja nao, kisha mkawakalisha vijana wao na wa mjini katika duara moja. Mnande, Mhutu, Mtutsi, Mhunde. Mtoto wa mwanajeshi wa kambi ya Katindo bega kwa bega na mtoto ambaye wanajeshi walimtoa shambani kwao. Nilikuja siku moja kukuletea viatu, nikasimama nje nikasikia mgeni akiuliza kabila la jirani yake. Ulimkatiza kwa upole: "Hapa mutu haulizwake eko nani. Anaulizwaka kama amekula."

Nilirudi sokoni nikaisema sentensi ile mpaka wateja wakanikimbia. Mwanangu ndiye aliyesema, niliwaambia. Huyu ni wangu.

Kisha maneno yakaanza. Mtu aliona kitu kwenye simu, mwingine alisikia kwa mtu. Komite ya kanisa ikakuita, nami nikakaa pembeni kama mzazi. Muzee Bahati, mwenyekiti wao, alikuuliza akiangalia meza: "Kambale, ile maneno banasema juu yako, ni kweli ao ni bongo?" Nilijua anaomba umwambie ni uongo. Wote walikuwa wanaomba hivyo. Ungesema neno moja, chai ingeletwa, na shauri lingeishia pale. Ukamwambia, "Ni kweli, Muzee."

Ulisema kweli kwa sababu tulikufundisha. Marafiki hatuli kiapo, ndiyo yetu ni ndiyo. Nilikuchapa ulipokuwa mdogo kwa sababu ya sukari, nikakuambia sikuchapi kwa sukari, nakuchapa kwa kunidanganya. Basi ulilishika fundisho letu kuliko wote waliokuwa mezani, ukatolewa kwa sababu yake. Na lile kundi ambalo halimuulizi mtu yeye ni nani, kiongozi wake ndiye akaulizwa, tena vijana wenyewe hawakuulizwa neno. Wakubwa tuliwajibia.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Mkono wangu umekuwa ukikwepa kufika hapa, ndiyo maana umesoma habari za milango.

Kikao kilijaa kuliko Krismasi. Mmoja akasema umeambukizwa na wageni, kwamba Marafiki wa ng'ambo wameharibika. Ukaomba nafasi ya kusema, ukapewa. Ukauliza, "Kule ng'ambo kuko Marafiki benye banafungishaka hata ndoa za batu kama miye. Sasa bale si Marafiki?" Ukakaa. Mama Furaha, karani wetu, akaandika kwa muda, kisha akasoma kwa sauti ile ile aliyotufundishia watoto darasani: kwamba Kambale anaondolewa katika uongozi wa Vijana Marafiki, na asihudhurie tena makutano yao. Akauliza kama yuko Rafiki ambaye moyo wake hauafiki.

Watu wote waligeuka kuniangalia. Hata wale waliotaka uondoke waliniangalia, walikuwa wameshajiandaa kukasirika. Muzee Bahati alikunja mikono akingoja. Na wewe, kwenye benchi la mbele, ukageuza shingo. Hukuniomba kwa macho. Ulikuwa unangoja tu, kama mtu aliyebisha hodi kwao na anajua wamo ndani.

Mama Furaha akavua miwani. Akaipangusa kwa pindo la kitenge, akaitazama kwenye mwanga, akaipangusa tena. Nilijua anachofanya. Alikuwa ananipa muda. Nami nikainamisha kichwa, nikaona viatu vya watu, na nikaanza kuvipa bei moyoni. Hivi vimeshonwa upya, hivi soli imekwisha, hivi nilimuuzia mimi. Ndiyo, Kambale. Wakati mwanangu anatolewa, baba yako alikuwa anathamini soli.

Akavaa miwani. Akaandika kwamba Marafiki wameafiki.

Nyumbani niliongea mezani kama redio. Niliongea juu ya mvua, juu ya mahindi, juu ya vumbi la barabara. Ulimaliza fufu yako, ukanawa, ukaniambia bila hasira, "Papa, maneno yote uko nayo. Ile moja tu njo ilikukosa." Tangu siku ile hujanitukana, hujanipandishia sauti, hujakataa kunisaidia kubeba magunia. Umekuwa na adabu kwangu kama kwa mpangaji. Afadhali ungenitukana.

Nimejitetea kwa kila namna, usidhani sikujaribu. Kwanza nilijiambia kwamba mimi sikusema ndiyo. Lakini mtu aliyezuia rangi ya mlango hawezi kusema hakujua ufunguo uko wapi. Kisha nikajiambia nilinyamaza kwa ajili ya dada yako, kwa kuwa wakwe walikuwa karibu kuja kujitambulisha. Masika aliposikia hivyo akaniambia, "Papa, usinitiye mimi ndani. Kama bale batu banakataa kaka yangu, babaki kwabo." Nikakosa hata huyo wa kujificha nyuma yake. Kilichobaki ni aibu tupu. Niliogopa kwamba nikisimama, kesho sokoni wataniangalia kama wanavyokuangalia wewe. Niliogopa kicheko cha watu wa Birere kuliko nilivyoogopa shingo yako iliyogeuka. Hiyo ndiyo sababu, na haina nyingine chini yake.

Kuna jambo hulijui, na nilimkataza mama yako kukuambia, nisionekane ninakuja na zawadi mkononi. Kikao kilichofuata nilikwenda. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi lile neno njia nzima, wenye vyukudu vyao vya mbao vya mizigo wakinipita na kunishangaa mzee anayesema peke yake. Nikasimama nikasema, siafiki.

Muzee Bahati akaniangalia. "Hauafiki nini, Papa? Tuko tunasema juu ya mabati."

Mtu akacheka nyuma. Nikasema siafiki lile azimio la Kambale, wala sikuliafiki hata siku ile, niliogopa tu. Kicheko kikaisha. Mama Furaha akaweka kalamu chini, akasema polepole, "Ile siku nilikungojea, Papa. Nilipangusa miwani mpaka mukono ikauma. Leo nitaandika neno yako. Lakini ile ingine ilishafanyaka kazi yake." Nikaomba basi jambo lifunguliwe tena. Akasema inawezekana, kama wote wanaafiki lifunguliwe. Akauliza, kama ilivyo desturi. Tukangoja.

Muzee Bahati akasema, "Miye siafiki."

Neno langu lenyewe, mwanangu. Alilitumia kama linavyotakiwa kutumiwa, kwa wakati wake, bila kupandisha sauti. Mimi ndiye niliyelifundisha kanisa zima jinsi linavyofanya kazi. Nilikaa. Wakarudi kwenye mabati.

Sikuambii haya ili unihesabie. Neno lililochelewa halikukurudisha, na siku zile ulikuwa umeshaanza kuuliza habari za kazi Kigali. Nakuambia kwa sababu usije ukasikia kwa mtu mwingine, akaligeuza kuwa ushujaa. Haukuwa ushujaa. Ilikuwa ni mtu anayekimbilia boti iliyokwisha kung'oa nanga.

Neema, binti wa Kibumba wa duara lenu, alipita kwetu juzi ulipokuwa kwa fundi. Alisimama mlangoni hakutaka kuingia. Akaniambia, "Siye bijana hatukuulizwaka, Papa. Bangetuuliza tungesema." Ndipo nikajua kwamba mnakutana bado, nusu ya kundi, huko ufukweni Kituku, bila jina na bila karani. Ndiko uliko sasa hivi. Nilitaka kumuuliza kama naweza kuja siku moja kusimama pembeni. Nikaona aibu. Nikamuuliza kama amekula.

Labda unangoja nikupe wosia, kama wazazi wanavyofanya. Nilioufikiria ni mmoja, na wenyewe umenisumbua. Nilitaka kukuambia kwamba huko uendako usimpe kila anayeuliza ile ndiyo yako. Kisha nikashtuka: mimi, kati ya watu wote, nimfundishe huyu kunyamaza? Lakini nimezunguka nao nikaona ni vitu viwili. Ukinyamaza ili usiumizwe, hujamdanganya mtu, umefunga mlango wako, na mlango ni wako. Mimi nilinyamaza ili aumizwe mwingine badala yangu. Nisingependa uvichanganye, ukaja kujichukia siku moja kwa kujikinga, ukidhani umefanana na baba yako. Hujafanana naye hapo. Pua tu ndiyo yangu, pole.

Sitakuambia kwamba naelewa yote. Kuna mambo bado yananizunguka kichwani nikilala. Lakini nimegundua kwamba kwa muda wote huu nimekuwa nikisema "ile maneno", "lile jambo", "hali yako", kama mtu anayeokota kitu kwa kijiti. Basi acha niandike sawasawa. Wewe ni mwanamume anayependa wanaume, na wewe ni mwanangu. Nimeandika, mkono haukukauka. Ningejua kwamba ni rahisi hivi, ningeandika kabla.

Kama huko utapata kanisa, sawa. Kama utaacha kusali kabisa kwa sababu yetu, sitakuuliza, na nitamwomba mama yako naye asikuulize, ingawa kwa mama yako sitoi ahadi. Ukipata mtu wa kukaa naye, natamani awe mtu anayesimama mapema. Wengine wanapenda kwa kweli, lakini wanachelewa. Nakuhakikishia kwamba mtu anaweza kupenda sana na akachelewa.

Mimi nakupenda, Kambale. Nakupenda na moyo wangu umevunjika, na aliyeuvunja ni mimi, kwa hiyo sina pa kupeleka mashtaka. Nikisikia mama yako anafunga begi lako natamani nipige kelele kama ninavyopiga sokoni, niseme huyu haendi, huyu ni wa hapa. Lakini haki ya kusema hivyo nilikuwa nayo siku moja tu, tena nilipewa na muda wa kutosha.

Kesho nitasimama uani. Sitakufuata hata mpaka barabarani. Ukipita bila kusema kitu, sitajiambia kwamba umenisamehe. Nimeacha kuwasomea watu kimya chao.

Ukifika, mpigie mama yako. Nitakuwa karibu naye, maana chumba ni kile kimoja. Mwambie tu kama unaruhusu aweke sauti kubwa nami nisikie. Ukisema hapana, nitatoka nje.

Ni mimi,
Papa